Mpaka wa Koridoni

Kwa furaha isiyo kifani, Mamlaka ya Kuwapandisha Wajasiriamali Wadogo hadi Soko la Dunia ilitangaza kwamba imekamilisha ujenzi wa mpaka wa kimataifa. Mpaka wenyewe ulikuwa koridoni, ghorofa ya chini, kati ya ofisi na ukumbi wa mikutano.

Wazo lilikuwa la Mkurugenzi. Lilimjia ng'ambo, alikokwenda kwenye semina, siku alipozuiwa uwanja wa ndege kwa ajili ya chupa ya mafuta ya nywele. Hapo macho yakamfunguka: wafanyabiashara wetu hawashindwi kwa bei wala ubora, wanashindwa kwa kukosa mazoezi ya kuzuiwa. Mjasiriamali mdogo, alieleza, sharti azuiwe kwanza nyumbani, kwa upendo, na watu anaowafahamu.

Basi likafungwa boriti la rangi nyekundu na nyeupe. Mlinzi wa geti, ambaye mtaani walimwita Kisiki kwa kuwa hang'oki, akavikwa kofia na kuitwa Kamishna wa Forodha ya Mafunzo. Upande wa ofisi ukawa nyumbani, ukumbi ukawa ng'ambo. Atakayevusha bidhaa yake angehesabiwa amehitimu.

Mwanafunzi wa kwanza alikuwa Mama Sabuni, aliyepika sabuni uani kwake pamoja na wifi zake wawili. Wiki nzima beseni lake lilikaa koridoni. Kisiki aliikataa sabuni kwa kuwa haikuonyesha povu; alipoonyeshwa povu, akaikataa kwa kuwa imekwisha kutumika. Nyumbani kwake vyungu vilikuwa vimepoa, na wifi walikwisha kusema wazi kwamba safari hii ikishindikana wanarudi kuuza maji.

Siku ya uzinduzi, Waziri alikuwa ukumbini, na kando yake ameketi mnunuzi wa kweli kutoka ng'ambo ya kweli. Mkurugenzi alitoka kidogo kuja kumtuliza mwanafunzi wake.

"Mkurugenzi, baba, mgeni anapanda ndege leo," Mama Sabuni alisema. "Namwona yule pale, anakunywa chai. Niachie nimpelekee mche mmoja tu anuse."

"Mama, subira huvuta heri. Soko la ng'ambo halipendi pupa."

"Soko lenyewe si ndilo lile linaloangalia saa?"

Mkurugenzi alicheka kwa huruma, kama wanavyocheka wasomi. Alipogeuka kurudi ukumbini, boriti lilikuwa limeshuka mbele ya kifua chake.

"Kisiki, ni mimi."

"Nakuona, mkuu. Kibali?"

"Vibali natoa mimi!"

"Kwa muhuri, mkuu. Na muhuri umeuacha kule ukumbini, mezani. Mimi nikiondoka hapa kuufuata, mpaka utalindwa na nani?"

Mkurugenzi alijisikia fahari kubwa, maana kazi ya mikono yake ilikuwa inafanya kazi. Angefurahi zaidi kama Waziri asingekuwa, wakati huohuo, anakaribia kutaja jina la atakayeteuliwa mwambata wa biashara kwenye ubalozi huko ughaibuni, kiti alichokiota yeye mwenyewe.

Mama Sabuni aliwatazama wale wanaume wawili, akasonya, akajitwika beseni na kutoka mlango wa nyuma. Uani hakukuwa na mpaka. Bajeti iliishia koridoni. Akazunguka tangi la maji na kuingia ukumbini kwa mlango wa nje kama mtu mwingine yeyote mwenye akili timamu. Mkurugenzi, shingo juu ya boriti, alimwona mnunuzi akinusa, akitabasamu, akiuliza anaweza kupika kiasi gani kwa mwezi. Alitaka kupiga kelele kwamba hayo ni magendo, lakini Waziri alikuwa anapiga makofi. Naye akapiga, akiwa huko huko nyumbani.

Waziri alikuwa amekunywa chai nyingi. Kabla ya kutaja uteuzi aliinuka, akafunga kifungo cha koti na kuelekea msalani. Msala, kwa mujibu wa ramani, ulikuwa upande wa nyumbani.

"Simama hapo hapo, mheshimiwa," Kisiki alisema.

Waziri alimtazama Mkurugenzi upande wa pili wa boriti. Mkurugenzi akatazama dari.

"Mheshimiwa, pitia uani kama mimi," Mama Sabuni alimshauri, beseni tupu likiwa kwapani. "Ni hapo tu, nyuma ya tangi."

"Waziri hapitii uani!" alifoka Waziri mwenyewe.

"Haya, baba. Pole." Akaondoka na mnunuzi kwenda kumwonyesha vyungu.

Kisiki akairekebisha kofia yake na kumgeukia Waziri, ambaye sasa alikuwa anasimama kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine.

"Twende taratibu, mheshimiwa. Unasafirisha nini, na ni kwa matumizi yako binafsi au ni kwa biashara?"