Gramafoni ya Mzee Sufiani

Jumamosi, 5 Julai
Arobaini ya Mzee Sufiani, Kilakala. Pilau nzuri, nyama za kutafuta. Baada ya dua msemaji wa familia akatangaza kama ilivyo desturi: mwenye kitu chake kilichobaki kwa marehemu aseme sasa. Nikasimama. Sijui miguu iliamriwa na nani. Nikasema ile gramafoni ni yangu, nilimuazima marehemu mwaka 2009. Uongo mtupu! Rogers wa Mazimbu, aliyempelekea marehemu machungwa mwaka mzima wa ugonjwa wake kwa ajili ya gramafoni hiyo hiyo, alipaliwa na wali. Mjane, Bi Mwanvita, akanitazama. Akasema kama ni yangu nichukue, pamoja na santuri. Safi kabisa!

Jumapili, 6 Julai
Nimeiweka sebuleni. Nimeisawazisha kwa pima maji, nimeisafisha sindano kwa brashi, nimefuta santuri kwa kitambaa laini. Wimbo wa kwanza wa dansi: gita limetoka kama mpigaji amekaa kwenye kochi langu! Kabla ya wimbo wa pili, kikohozi. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Ndivyo alivyokohoa Mzee Sufiani. Nikasema vumbi. Nikafuta tena. Kikohozi tena. Ulipofika wimbo wa mwisho, mkono wa sindano ukanyanyuka wenyewe na kurudi taratibu mahali pake. Mke wangu Chausiku akasema marehemu hakuwahi kupiga wimbo wa mwisho mbele ya wageni, na nirudishe kitu cha watu. Mambo ya wanawake. Ni mkanda wa kuzungushia santuri tu umelegea.

Jumatatu, 7 Julai
Nimeipeleka kwa fundi Yunusi, Msamvu. Akafungua, akachungulia, akafunga. Akasema mkanda ni mzima. Akasema gramafoni ya aina hii haina kifaa cha kunyanyua mkono. Hunyanyuliwa na mtu. Kisha akauliza yule mzee niliyekuja naye mbona amesimama mlangoni, asikaribie akaketi.
Nilikwenda peke yangu.

Jumatano, 9 Julai
Ukungu umeshuka Uluguru tangu asubuhi, mlima hauonekani. Lakini dawa nimepata! Sarafu ya mia mbili, nimeibandika kwa selotepu juu ya sindano. Tuone kama mkono utanyanyuka! Nikamwalika Rogers saa tisa alasiri aje aumie roho. Chai, kashata, santuri. Wimbo wa mwisho ukafika. Mkono ukatetemeka, ukabaki chini. Nikapiga makofi.
Hapakuwa na wimbo. Kulikuwa na kelele za sahani, watu wakila, halafu sauti yangu: ile gramafoni ni yangu, nilimuazima marehemu mwaka 2009. Kisha kikohozi, karibu na sikio langu, hata si kwenye spika. Rogers akaweka kikombe chini, akasema anaomba kwenda nyumbani. Nilitamani hata anicheke. Naandika haya nikiwa uani. Naogopa, basi.

Alhamisi, 10 Julai
Nimerudisha. Njiani nilitunga hotuba: naitoa kwa huruma, mjane abaki na kumbukumbu. Sikupata nafasi. Nilipotoa shikamoo, Bi Mwanvita alikuwa ameshatandika kitambaa juu ya meza tupu. Akasema mzee alishamwambia kwamba naja. Sikuuliza mzee yupi. Akaniuliza kama kila kitu kimo. Nikasema kila kitu.

Jumamosi, 12 Julai
Sindano nimebaki nayo. Kwani sindano ni gramafoni? Ni ya zamani, haipatikani tena, na Bi Mwanvita hatajua. Nimeizungushia pamba na kuifungia kabatini kwa ufunguo. Chausiku amekwenda kwa dada yake Gairo, hakusema anarudi lini. Tangu alfajiri kabati linakohoa. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Nimeongeza sauti ya redio.
Habari njema: Mzee Wilfred wa Bigwa, mwenye ile amplifaya ya zamani ya taa za kioo, nasikia hali yake si nzuri. Nimeshanunua machungwa, kesho nakwenda kumjulia hali. Leo nakaa nikumbuke vizuri nilimuazima mwaka gani.