Ufunguo wa Sinagogi la Mutrah

Uvumi wenyewe niliusikia Bawshar, kwenye khitma ya marehemu mume wa Bi Mahbuba, na tangu siku ile haukunitoka kichwani. Eti nyuma ya soko la Mutrah kuna gofu ambamo zamani Mayahudi walikuwa wakisali. Wakapungua, wakahama, na wa mwisho akamwachia jirani ufunguo, amana. Sasa watu wa turathi, wanaohifadhi majengo ya kale, wanamtafuta huyo mwenye ufunguo wamfanye mlinzi, na zawadi juu.

Wote tulisikitika: maskini, nyumba ya ibada inaanguka. Kisha wote tukauliza ufunguo uko kwa nani.

Humam alikuwepo. Huyu ni bwana mmoja ambaye kanzu yake imenyooka kuliko maneno yake. Kesho yake asubuhi yuko Mutrah kwa Mzee Zahor, muuza tende. Mbele ya duka la Zahor kuna magofu mawili, yameegemeana kama mawifi waliolazimishwa kupatana.

"Mzee wangu, ufunguo unao?"

"Nnao. Lakini amana haiuzwi, mwanangu. Atakayeezeka paa ndiye ntakayemkabidhi."

"Gofu lipi?"

"Hili la kulia," alisema Zahor, akammiminia kahawa. Kahawa ile ilikuwa ghali, ila Humam alikuwa hajajua.

Paa linataka mali. Humam hana mali, ana ulimi. Akamwendea Bi Nunu, mjane, jirani yangu, aliyeficha bangili zake za dhahabu kwa ajili ya harusi ya binti yake Balqees. Akaingia na sahani ya halwa.

"Bibie, mimi mikono, wewe bangili. Ukishakuwa mlinzi wa sinagogi, Balqees atavaa dhahabu mpaka viwikoni."

Balqees akauliza, "Mama, huyu mbona hana ofisi?"

"Nyamaza. Mambo ya kheri hayana ofisi."

"Ila msimwambie mtu," Humam akasema. "Hasa jirani. Jirani ni hasidi."

Hasidi, yaani mie.

Bangili zikatoka, ufunguo ukaingia. Ufunguo wenyewe wa bandia: Humam kauchongesha kwa fundi huko Rusayl, akautia kutu kwa siki. Bi Nunu akaufunga kwenye pembe ya kanga, akalala nao.

Humam alikusudia kutoroka, kama ada yake. Lakini mlinzi ni mmoja, zawadi ni yake peke yake, na Zahor hatoi ufunguo bila paa. Kwa hiyo tamaa ikamfanya mwaminifu: akajenga kweli. Boriti, chokaa, mlango. Mawe yalipopungua akawaambia mafundi, "Si hilo la kushoto lipo bure?" Wakalibomoa mpaka msingi. Jiwe moja lilikuwa na maandishi wasiyoyajua, wakalifanya kidato cha mlango.

Paa lilipokwisha, Zahor akamkabidhi Humam ufunguo wake kwa bismillahi. Wiki ile ile akaja Bi Afra, mtu wa turathi, na kamera yake. Humam kasimama juu ya kidato.

"Karibu kwenye sinagogi."

Zahor akatokea nyuma na hati mkononi. "Sinagogi gani? Hili ghala la marehemu baba yangu. Ahsante kwa paa, mwanangu."

"Si ulisema amana?"

"Amana ya baba. Wewe hukuuliza ya nani."

"Basi sinagogi ni lipi?" Bi Afra akauliza.

Zahor akaonyesha kushoto. Kiwanja kitupu, paka kalala katikati.

Bi Afra akamwomba Humam asogee, akainama, akapangusa kidato kwa kiganja mpaka maandishi ya Kiyahudi yakatokea. Hakupiga picha. Miaka yote tangu wenyewe walipoliacha sinagogi lao, lilisimama. Alipokuja wa kulihifadhi, likaisha.

Watu wa turathi wamelifunga ghala mpaka kila jiwe litambuliwe, na tende za Zahor ziko juani. Humam haonekani. Bi Nunu alikuja na ufunguo wake kwenye kanga, akakuta kiwanja kitupu, hata mlango wa kuujaribia hakuna.

Balqees kaolewa Ijumaa iliyopita, kavaa bangili za kuazima. Za hasidi.

Basi wanangu, haya myaepuke:

Kutoa dhahabu kwa mtu aliyekuja na halwa.
Kununua ufunguo kabla ya kuuona mlango.
Kumnyamazisha mtoto aliyeuliza la maana.
Kumficha jirani.
Kuihurumia nyumba ya ibada kwa sababu ina zawadi.
Kubomoa ya kushoto ili kuezeka ya kulia.