Bunduki ya Dola Mia Tano na Jiwe la Baba Mkwe

Jumapili, 3 Novemba

Mdomo wangu umeniponza tena. Chakula cha mchana kwa baba mkwe, Mzee Orval Reigle. Kuku na tambi nene, kama kila Jumapili. Mwanyumba wangu Galen, aliyemwoa dada wa mke wangu Twila, kaja na bunduki mpya. Dola elfu nne! Ikapitishwa mezani mkono kwa mkono kama mtoto mchanga. Hata mama mkwe kaipakata. Mimi, huku najipakulia viazi, nikasema bunduki ya kulenga sawasawa haihitaji elfu nne. Fundi mwenye akili anaiunda nyumbani kwa mia tano, na anamshinda wa elfu nne mchana kweupe. Galen akauliza huyo fundi mwenye akili anaishi wapi, maana angependa kumfahamu.

Mzee Reigle magoti yamemchoka. Mwaka huu hapandi tena kwenye Jiwe, ule mwamba ulio juu kabisa ya shamba lake. Siku ya kwanza ya msimu wa uwindaji, kulungu wote wa bonde hupita chini yake, na Mzee kakaa pale miaka arobaini na mmoja. Lazima amwachie mkwe mmoja. Akafuta mdomo, akatoa hukumu. Tarehe kumi na sita wazima moto wa kujitolea wana shindano lao la shabaha, lile la kushindania mapaja ya nguruwe. Kati yetu wawili, atakayempita mwenzake amepata Jiwe. Bunduki yangu isizidi mia tano, na Twila ndiye atakayekagua risiti.

Nina miaka kumi na tisa katika familia hii na Mzee hajawahi kuniita Verlin. Ananiita "yule wa Twila". Nalitaka lile Jiwe.

Jumatatu, 4 Novemba

Kazi imeanza. Mwili wa chuma nimeutoa kwenye bunduki ya kijeshi ya marehemu mjomba, iliyokuwa ikizuia mlango wa banda usifunguke na upepo. Bure. Mtutu nimenunua kwa bwana mmoja wa ng'ambo ya mto, aliyeapa kwamba umetumiwa na shemasi mzee aliyepiga risasi sita tu kwa mwaka. Darubini ya kulengea pia ni mtumba, ina mkwaruzo mmoja tu, tena kwa pembeni. Fundi wa mjini kaniungia mtutu na mwili.

Jumla: mia nne tisini na nne. Na bado sina kitako cha mbao. Twila kasema hata senti moja haiongezwi, sheria ni sheria. Mwanamke huyu angefaa kuwa hakimu.

Jumatano, 6 Novemba

Ufumbuzi! Kabatini, nyuma ya pasi, kuna ule ubao wa kurefushia meza ya kulia. Mbao safi ya mjozi, imekauka miaka sitini, zawadi ya bibi yake Twila. Hutumika mara moja tu kwa mwaka, Sikukuu ya Shukrani, tukialika watu wengi. Mwaka huu tutaalika wachache. Nimeamua mimi.

Nimeukata Twila akiwa kazini. Kitako kimetoka kinene kidogo upande wa kushoto. Inasaidia mizani. Twila kanusa, akauliza mbona nyumba inanukia mbao. Nikasema ni msimu.

Alhamisi, 7 Novemba

Leo ni siku ya gundi. Asiyejua kazi hii hudhani chuma kinakazwa tu kwenye mbao kwa skrubu mbili, kwisha. Hapana. Unamwaga gundi nzito ndani ya kitako, unaulaza mwili wa chuma humo, gundi inakauka kwa umbo lake hasa, kama kidole na pete. Kisha unautoa, unasafisha, unarudisha. Lakini kwanza unaupaka mwili huo dawa ya viatu kila mahali, ili gundi isiushike.

Nimefanya kwa umakini mkubwa. Nilizima hata redio.

Saa kumi na moja jioni nimeikuta dawa ya viatu mfukoni mwangu. Haijafunguliwa.

Ijumaa, 8 Novemba

Haitoki. Nimetumia nyundo ya mpira. Nimetumia goti. Nimeibembeleza. Mbao na chuma vimekuwa mwili mmoja, mpaka kifo kitakapovitenganisha.

Mtu akijua nimekwisha. Kaunti hii kuna bwana alifanya kosa hili hili mwaka tisini na nne, na mpaka leo anaitwa Elwood Gundi. Hata mchungaji humwita hivyo akimwombea.

Mchana Galen kapita, eti kuazima ngazi. Nikaifunika bunduki kwa blanketi, nikaikalia. Kaniuliza mbona nimekaa hivyo. Nikasema mgongo. Akasema pole mwanyumba, akacheka mpaka kwenye gari lake.

Jumamosi, 9 Novemba

Siamini ninachokiandika.

Nimekwenda kuijaribu kwenye shamba la Mzee, shabaha yadi mia moja, bunduki nimeilaza juu ya mfuko wa mahindi. Sikutegemea kitu. Nimepiga risasi tano. Kupitia darubini nikaona tundu moja tu. Nikadhani nne zimekwenda kwa jirani. Nimetembea mpaka pale. Matundu yote matano yamebanana kiasi kwamba sarafu ya senti kumi inayafunika! Nikarudia. Vile vile. Nikarudia tena. Vile vile.

Mzee Reigle alitoka zizini na ndoo mkononi. Akaitazama karatasi muda mrefu. Akaitazama bunduki. Akasema "Mh." Miaka kumi na tisa, na hiyo ndiyo mara ya kwanza ananipa "Mh" isiyo na kichwa kinachotikiswa.

Karatasi moja nimeiweka kwenye pochi, mahali palipokuwa na picha ya Twila. Picha ipo salama kwenye droo.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani nimewaonyesha watu kumi na mmoja ile karatasi. Wawili niliwaonyesha wakati wa sala, lakini walikuwa wamefumbua macho wenyewe.

Halafu Galen. Aliitazama, akaigeuza nyuma, akaitazama tena, jambo ambalo nitalisimulia uzeeni. Kisha akasema kwa sauti, watu wote wakisikia, kwamba kazi ya namna hii lazima ndani yake ni maridadi, na kwamba Alhamisi atakuja kwangu nimfungulie skrubu mbili aone nilivyolaza gundi. Kila mtu akaitikia. Huku kwetu fundi anaonyesha ndani ya bunduki yake kama fundi cherehani anavyogeuza koti kuonyesha mishono. Anayekataa ana la kuficha. Nikasema karibu sana, mwanyumba.

Tangu hapo sauti moja tu kichwani: Verlin Gundi, Verlin Gundi.

Jumanne, 12 Novemba

Nimepata dawa. Baridi kali huifanya gundi iachie chuma. Ukiweka bunduki kwenye friza usiku kucha, asubuhi unagonga mara moja, inaachana. Nimeambiwa na watu wenye uzoefu. Sawa, ni Elwood Gundi, lakini niliuliza kwa niaba ya rafiki.

Friza yetu imejaa pai arobaini za tufaha ambazo Twila kaoka kwa ajili ya mnada wa kanisa. Bunduki haiingii. Nimezitoa pai kumi na nne, nikazipanga barazani. Nje ni baridi kuliko friza. Hakuna hasara yoyote.

Jumatano, 13 Novemba

Dubu.

Kala kumi na moja. Tatu kazikalia.

Kwa upande mwingine, bunduki imeachia! Pigo moja la nyundo ya mpira, paa! na chuma kikachomoka. Ndani gundi inang'aa kama sahani ya harusi. Nimefurahi kwa dakika kama nne hivi. Ndipo Twila alipokuja kuoka pai nyingine kumi na nne, akasema meza haitoshi kusukumia unga, akaenda kabatini kuchukua ubao wa bibi yake.

Sitaandika yote. Aliitazama bunduki, akapitisha kidole kwenye kitako, akakuta ile alama ya kikombe aliyoiacha marehemu bibi. Hakupiga kelele. Aliniuliza kwa upole kama nina akili, na akasubiri jibu kabisa. Nimemenya tufaha kilo ishirini. Nalala kwenye kochi mpaka taarifa nyingine, na ubao mpya wa meza nitautafuta kwa jasho langu. Nimekubali yote. Alikuwa na haki, na uso wake ule sitaki kuuona tena.

Alhamisi, 14 Novemba

Galen kaja. Nimefungua skrubu mbele yake polepole kama daktari. Akachungulia kwa tochi. Kasema hajaona kazi safi kama hii, na alionekana kuumia kulisema. Nimekua inchi mbili.

Alipoondoka nikapiga risasi tano za kujiridhisha. Zimetawanyika, ningeweza kuzifunika kwa sahani ya supu. Upepo. Nikapiga tano nyingine. Sufuria ya supu. Upepo umezidi, ingawa bendera ya posta ilikuwa imelala. Sikuendelea. Risasi ni za kuhifadhi, na bunduki ni ile ile.

Jumamosi, 16 Novemba

Shindano. Uwanja wa nyuma ya ukumbi wa wazima moto, supu ya kuku na mahindi, watu kama mia mbili, Mzee Reigle kwenye kiti cha kukunja mstari wa mbele na blanketi magotini.

Galen kapiga tano zake. Nzuri, si za ajabu. Ngumi ya mtoto ingezifunika. Jumamosi iliyopita ningemla mbichi.

Mimi nikalala chini, nikavuta pumzi. Ya kwanza katikati kabisa, watu wakanong'ona. Ya pili kushoto. Huku kwetu risasi ikienda upande hatusemi mpigaji kakosa, tunasema risasi imetoroka, na haihesabiwi. Ya tatu ikatoroka. Ya nne ikatoroka. Ya tano imekutwa kwenye karatasi ya mchungaji, na imempatia mchungaji paja la nguruwe.

Nikamweleza mwamuzi kwamba nne zimetoroka. Akasema kwa hesabu yake basi nimepiga risasi moja, na anipe pole. Uwanja mzima ulicheka. Galen kanipa mkono kiungwana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Jiwe ni lake. Nilipogeuka kumtafuta Mzee, kiti kilikuwa kitupu.

Nimekaa ndani ya gari mpaka macho yakakauka.

Jumapili, 17 Novemba

Sikwenda chakula cha mchana. Mzee kaja mwenyewe, na magoti yake yale mabovu, kapanda ngazi zetu. Akakaa jikoni, akamwomba Twila kahawa, akaniuliza jambo moja tu: kati ya Jumamosi ile na hii ya jana, niliifanya nini hiyo bunduki?

Nikakiri. Dawa ya viatu, nyundo, friza, dubu, Galen na tochi. Mzee alicheka mpaka akashika friji asidondoke. Kisha akafuta macho, akasema mimi ni mtu wa ajabu. Wapigaji mabingwa wanalipa mafundi pesa nyingi wawagandishie chuma na mbao kwa makusudi, isitoke maisha, ndiyo maana inalenga vile. Nilipata bahati ya mabingwa bure kwa kusahau, halafu nikaigonga kwa nyundo ili mwanyumba wangu asinicheke.

Kasema Jiwe kampa Galen kwa sababu ahadi ni ahadi, na Galen anapenda kuonekana kutoka barabarani. Lakini yeye mwenyewe hajamaliza kuwinda. Chini kwenye kijito, penye msonobari ulioanguka, hapahitaji magoti, na huko kapiga kulungu wakubwa kuliko wote wa Jiwe, ila hajawahi kumwambia mtu. Pana nafasi ya wawili. Anataka mwenzake asiyeongea sana na mwenye bunduki ile aliyoiona Jumamosi ya kwanza. "Ibandike tena kama ilivyokuwa," kaniambia. "Baada ya hapo usiiguse. Hata kuifuta vumbi, usiifute. Umenisikia, Verlin?"

Verlin.

Twila aligeukia dirishani, akawa anaosha kikombe kisafi. Leo nimeruhusiwa kurudi chumbani.

Jumatatu, 18 Novemba

Jana jioni nimeibandika kama Mzee alivyoagiza, gundi tupu, dawa ya viatu safari hii nimeisahau kwa makusudi. Mchana nikapiga tano. Senti kumi inazifunika! Nimekaa kwenye majani nikacheka peke yangu. Jumatatu ya msimu nitakaa na baba mkwe penye msonobari, bega kwa bega, naye ataniita kwa jina.

Nikaiweka ukutani nisiiguse. Nikaitazama. Kisha nikafikiri: kule kijitoni ni kichakani, matawi mengi, na mtutu huu ni mrefu. Mzee anaweza kupigwa nao sikioni tukigeuka. Ningekuwa mkwe wa namna gani?

Nimeupunguza inchi mbili tu. Msumeno uliteleza kidogo mwishoni, ukaacha pengo pale pale risasi inapotokea, lakini ukisimama mbali huoni. Mzee atafurahi sana.