Hotuba ya Kuzindua Jokofu la Dawa ya Mishipa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wajumbe wa kamati kuu, kamati ndogo na kamati ya chai. Daktari Bingwa wa mishipa ya fahamu, ambaye naona amekaa nyuma kabisa na amekunja uso. Mke wangu mpenzi. Mkwe wangu, mratibu wa mradi huu kwa sifa zake mwenyewe. Ndugu wagonjwa, hasa mlioweza kufika. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa! (Makofi. Mkwe anasimama, anainama, anakaa.)

Leo, kwa mujibu wa mpango mkakati wetu wa miaka mitano, ambao sasa uko katika mwaka wake wa tisa, tunazindua jokofu la dawa ya kurekebisha kinga kwa wagonjwa wa maltipo sklerosisi, ugonjwa unaokula mishipa ya fahamu, ile aina isiyorudi nyuma bali huzidi mwaka hadi mwaka. Nimepewa brifingi ya kina, nami nawaeleza kwa lugha nyepesi: kinga ya mwili ni walinzi, sasa walinzi hawa, badala ya kulinda nyumba, wanakaa humo humo wakitafuna nyaya, mpaka miguu inakosa umeme. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako! (Kicheko kirefu. Wengine wanamnyooshea kidole.) Asanteni, naona mmenielewa.

Daktari aliniambia, kwa sauti isiyo na heshima sana, kwamba dawa hii haiponyi. Kwa baadhi ya wagonjwa hupunguza tu kasi ya ugonjwa, na lazima wapimwe damu mara kwa mara, maana kinga ikilegea, maambukizi hupata mlango. Nikamwambia, Daktari, kupunguza kasi tuachie sisi, hakuna ofisi yenye uzoefu kutuzidi! (Makofi ya meza kuu.)

Na tathmini inajieleza. Kila mgonjwa alitakiwa atembee hatua ishirini huku akihesabiwa sekunde. Kipimo kilifanyika ghorofa ya tatu, na lifti, kama mjuavyo, bado iko kwenye mchakato. Waliandikishwa wagonjwa arobaini na mmoja. Walioshindwa ngazi tuliwaondoa kwenye rejista ili wasituchafulie takwimu. Wakabaki sita, na wote sita, ndugu zangu, asilimia mia moja, walitembea! (Sauti kutoka nyuma: "Na wale thelathini na watano je?") Maswali yatapokelewa kwa maandishi, ghorofa ya tatu. Na madhara ya dawa? Sifuri! Hakuna hata mmoja aliyelalamika homa.

(Fundi cherehani mwenye fimbo anainua mkono: "Mheshimiwa, mimi sijaomba kupona. Nataka mguu huu uendelee kukanyaga pedali mpaka mwanangu amalize shule. Kila mwezi unazidi kuwa mzito. Dawa naanza lini?")

Mama, wewe ni wa kwanza kwenye orodha! Mwaka jana ulikuwa wa kwanza, mwaka huu wa kwanza, nafasi yako hakuna wa kukunyang'anya! (Daktari anainamisha kichwa.)

Nikisema "Kinga juu", mseme "Maradhi chini"! Kinga juu! (Mkwe peke yake: "Maradhi chini!")

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru muuza soda wa pale kona aliyetuazima jokofu hili; anakuja kulichukua saa nane, kwa hiyo mliokwisha kupiga picha wapisheni wengine. Nalishukuru duka la viatu kwa maboksi yaliyomo ndani. Msiyaguse, ni mepesi, yataanguka. Dawa yenyewe itaagizwa mara tu kamati ya kuagiza itakapoundwa. Nawashukuru wasanii wa maigizo waliojitolea kukaa hapa mbele kama wauguzi wetu. Na kwa namna ya pekee namshukuru huyu mama fundi, aliyewashonea makoti yao meupe, kumi na mawili, kwa mguu huo huo, baada ya sisi kumwahidi kwamba atakuwa wa kwanza. Mama, kazi safi. Hebu simama watu wakuone.

(Fundi anashika kiti, anajaribu mara mbili, anabaki alipo.)

Basi, hamna neno. Mpigieni makofi hapo hapo alipokaa.