Paa Liandikwe kwa Jina Langu

Hombo, Mutsamudu
Jumatatu, Januari 1984

Kwa Mheshimiwa Bwana Idarousse,
Mkuu wa Ofisi ya Tahadhari za Upepo, Moroni.

Bwana Mkuu,

Baada ya salamu na dua ya afya yako, nakuarifu kwamba waraka wako kuhusu kimbunga umefika na umebandikwa kwenye mlango wa msikiti wetu. Nakujibu kwa Kiswahili kwa kuwa nasikia nawe ulisoma Unguja kama mimi. Kifaransa cha waraka mtaani kwetu hakuna aliyekimaliza, na Kishindzuani cha kisiwa chetu nyinyi wa kisiwa cha Ngazidja hujifanya hamkisikii.

Nina malalamiko manne na ombi moja.

1. Waraka unaamuru kwamba mwenye nyumba apande juu ya paa lake, akaze mabati kwa waya na apigilie mbao madirishani. Maneno mazuri. Ila mimi sina paa. Sijui huko ofisini mmezaliwa visiwa gani, lakini kwetu nyumba ni ya mwanamke. Hii ninayolala alijengewa mke wangu, Koultoumi, na baba yake na wajomba zake tangu hajang'oa meno ya utoto. Mimi niliingia humo siku ya harusi na joho, kilemba na sanduku moja la nguo, na akinichoka kesho nitatoka na hivyo hivyo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi mwaka wa kumi na tisa nimepewa nyundo.

2. Nilimwendea shemeji yangu Ridjali, kaka yake Koultoumi, maana nyumba ni ya ukoo wao. Akanijibu kwa adabu kwamba paa la dada yake ni kazi ya mume. Nikamuuliza, je, paa la mkewe huko Ouani anakoishi yeye? Akasema hilo ni la kaka za mkewe. Hao nao nimewauliza, na wote ni waume wa watu. Kwa hiyo, kwa mujibu wa waraka wako, kisiwa kizima hakina mwanamume wa kupanda paani. Tumeketi uwanjani tunacheza bao, tukitii sheria.

3. Koultoumi akasema kama ni hivyo, mwenye nyumba ni yeye, atapanda mwenyewe. Akaegemeza ngazi saa nne ya asubuhi, majirani wote wako nje. Nikamkataza. Akaniuliza namkataza kama nani. Swali hilo waraka wako haukulijibu, nami nikaiondoa ngazi.

4. Waya wenyewe haupo. Wazungu wenu wa kambini, wale askari wa kukodiwa, walikuja na lori wakakomba waya wote madukani pamoja na magunia, wakajijengea ukuta wa mchanga. Nimepita nikautazama. Umeelekea mjini, si baharini. Huenda wamepewa habari za kimbunga ambazo sisi hatukupewa. Tangu waje mwaka 1978 tunaambiwa wapo kutulinda, na safari hii nilikuwa tayari kusadiki, lakini askari wao wa mlangoni alinifukuza kabla sijamaliza kuomba pima mbili za waya.

Yote hayo ningeyameza. Lakini binti yetu Saandia amejifungua, leo ni siku ya kumi na mbili, na amelazwa katika chumba cha pembeni ambacho mabati yake hucheza hata mtu akipiga chafya. Mtoto ni wa kike, yaani mwenye nyumba mwingine. Naogopa, Bwana Mkuu. Hilo naliandika bila mzaha.

Ombi langu ni hili: paa liandikwe kwa jina langu. Kuta, milango na kiwanja vibaki kwa Koultoumi. Kuanzia kwenye boriti kwenda juu viwe vyangu, na siku nikifukuzwa nitabandua mabati yangu thelathini na mawili niende nayo. Hati iwe na muhuri na saini yako. Kama huruhusiwi kusaini mpaka uwaulize wazungu, basi wasaini wao, tumekwisha kuzoea. Redio imesema upepo utafika Alhamisi. Hati ikichelewa, andika waraka mwingine wa kuahirisha kimbunga, maana mimi bila hati sipandi.

Wasalimie makarani wako wote, hasa aliyeandika waraka, na umuulize kama amewahi kushika nyundo. Watu wa Hombo wanakusalimu, na Saandia na mwanawe pia.

Ni mimi, mtiifu wako nisiye na paa,
Chamsidine

Nyongeza, Jumatano: Nilikuta posta imefungwa. Upepo haukusikiliza redio, umeingia leo adhuhuri. Bati la juu ya mtoto liliinuka upande mmoja, nikapanda. Sikuuliza ni la nani. Kwa kuwa waya hakuna, nilikisokota kilemba changu cha harusi nikalifunga bati kwenye boriti, Koultoumi ameshika ngazi. Ridjali alitufikia kwa miguu kutoka Ouani, amelowa chapachapa, akiwa amekwisha kulifunga paa la mkewe. Kilemba kimeshika na mtoto hakuamka. Koultoumi amesema hata upepo ukipita kisifunguliwe, kwa hiyo nikifukuzwa sasa sina kilemba cha kutoka nacho. Hati usilete. Lete waya.