Suruali ya Mfalme na Mkasi wa Baba

Jumatatu, 3 Agosti
Leo nimekuwa mwanaume. Kikundi cha maigizo kimetuletea mavazi ya kushona, ya tanzia moja ya kale ya Kiingereza. Mfalme amekufa, ndugu yake amekalia kiti, na mzimu wa mfalme unamwambia kijana: kama kweli u mwanangu, nilipizie kisasi. Nilisikiliza mazoezi yao hapa dukani nikiwa na pini mdomoni, nusura nizimeze. Si yangu hayo? Juzi tu Baba amempa baba mdogo mkasi mkubwa wa kukatia, ule wa tangu enzi za babu. Mwenye mkasi ule ndiye fundi mkuu wa duka. Na mimi, mwana wa kwanza, miaka thelathini na minne, nipo nipo tu! Kasoro moja: Baba hajafa. Yuko sebuleni anakunywa chai na mdogo wake.

Jumanne, 4 Agosti
Nimemuuliza Baba, kwa adabu, kama hajisikii kudhulumiwa. Hajisikii. Amesema mkasi nitaupata siku nitakayoshona mstari ulionyooka. Mama akadakia kwamba yule mwana wa mfalme angekuwa na nguo za kufua, asingeona mizimu. Basi nitalipiza bila mzimu.

Jumatano, 5 Agosti
Mpango! Mfalme dhalimu anaigizwa na baba mdogo, naye yumo kikundini. Suruali yake naishona mimi. Mshono wote wa nyuma nimeupiga bandi, yaani uzi wa muda, wa kushikiza tu. Akikaa kwenye kiti cha enzi, kwisha habari yake. Nimeshona polepole, ulimi nje, ungedhani mshono wa kweli. Chakula cha leo kilikuwa kitamu ajabu.

Jumamosi, 8 Agosti
Mungu wangu. Saa kumi jioni, ukumbi umejaa, baba mdogo akashikwa na mgongo. Nani kavaa suruali? Baba! Kiuno chao kimoja, hata daftarini vipimo vyao tunaandika mara moja, na maneno ya mfalme ameyasikia dukani wiki nzima. Nilimkimbilia nyuma ya pazia, nikamsihi asivae. Akasema mwanaume hamwachi ndugu yake aaibike. Nikauliza, na suruali je? Akasema suruali imeshonwa na mwanawe, inatosha. Nilitaka kulia.
Akakaa kwenye kiti cha enzi. Trrr! Watu wote wameiona bukta ya Baba, ile ya maua. Hata mzimu alijifuta machozi kwa shuka lake.

Jumapili, 9 Agosti
Kikao cha familia. Baba alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye bandi yote. Akasema huu si mkono wa mwanangu, umenyooka mno. Akamgeukia baba mdogo. Baba mdogo akanitazama, kisha akatazama sakafu, akasema ni kweli, ni yeye, asamehewe. Baba akamnyang'anya mkasi, akaniwekea mimi mkononi. Mzito, jamani! Hatimaye!
Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini mshono ulionyooka kuliko yote maishani mwangu, sifa apewe mwingine?
"Baba, bandi ni yangu," nikasema. "Yote, mwanzo mpaka mwisho."
Baba alivua miwani, akaninyooshea mkono nirudishe mkasi. Mkasi umerudi kwa baba mdogo. Mimi nashona vifungo mpaka mwisho wa mwaka.

Jumatatu, 10 Agosti
Roho kwatu. Baba amesema bandi yangu imenyooka, tena mbele ya mashahidi. Asubuhi Mama ameniambia, "Baba yako mdogo alitaka kukubebea aibu. Nenda kamshukuru." Nimelifikiria jambo hilo tangu chai. Kwanza alichukua mkasi, jana akataka na mshono wangu! Mwanaume hawezi kuliacha hilo lipite. Bahati nzuri koti lake la kuvaa harusini limeletwa leo nilitie vifungo. Vifungo sita.