Nyasi Sifuri

Jumatatu, 4 Machi
Bosi katangaza: atakayeleta ripoti safi ya vifaa vya bustani ya hospitali ndiye atakayesimamia kazi yote. Nikapiga kifua. Nikasema programu yetu ya kuchorea bustani naijua nje ndani. Shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye kwa bahati mbaya meza yake inatazamana na yangu, akatabasamu. Silipendi tabasamu lile. Hufika nyumbani kabla yangu, pamoja na habari zangu zote.

Nimefungua ripoti. Miti ipo. Mabenchi yapo. Nyasi: sifuri. Uwanja mzima uko mbele ya macho yangu, kijani kibichi, na jedwali linasema sifuri!

Jumanne, 5 Machi
Siku nzima na fomula. Nimeongeza mabano: sifuri. Nimeondoa mabano: sifuri. Nimebadili koma kuwa nukta, kokoto zikageuka hasi. Yaani twende tukachukue kokoto za hospitali!

Shemeji kapita na kikombe chake cha chai. Akauliza kwa upole kama mstari unaozunguka nyasi nimeufunga, maana programu haihesabu eneo lililoachwa wazi. Nikamjibu kwamba mimi hufunga hata milango ya ofisi hii, sembuse mstari. Nikikubali msaada wake leo, jioni mama mkwe anajua, na mama mkwe anakaa kwetu tangu mguu uanze kumsumbua.

Alasiri akili ikafunguka. Fomula ya nini? Nimepima nyasi kwa rula juu ya skrini, nimefuta fomula, nimeandika namba kwa mkono. Imekaa pale utadhani ilizaliwa hapo. Nikiamua, mimi ni hatari.

Jumatano, 6 Machi
Ripoti imetia fora! Bosi kanipa mkono mbele ya watu. Kazi ni yangu. Nyumbani mama mkwe kanipisha kiti cha karibu na feni.

Alhamisi, 7 Machi
Daktari mkuu kabadili mawazo. Viti vya magurudumu vitakwama kwenye nyasi, kwa hiyo anataka matofali uwanja mzima na nyasi kidogo tu pembeni. Nikachora upya, nikabonyeza, ripoti ikajisahihisha yenyewe. Matofali juu, kokoto chini. Teknolojia! Nikawatumia wauzaji bila hata kuisoma. Mtaalamu hasomi, anatuma.

Jumatatu, 11 Machi
Malori ya nyasi. Malori, si lori! Nyasi zimekatwa na udongo wake, zimekunjwa kama mikeka, zimejaa mpaka mlango wa wodi. Daktari mkuu akamuuliza bosi kama hospitali imeanza kufuga ng'ombe. Bosi akaniuliza mimi. Nikasema ni virusi vya kompyuta.

Akaitwa shemeji. Akafungua jedwali, akabonyeza namba ya nyasi. Hakuna fomula. Namba tupu, uchi wa mnyama.

“Shemeji, hii umeiandika kwa mkono, ndiyo maana haikupungua mchoro ulipobadilika,” akasema. Hakucheka. Angecheka ningemchukia kwa raha zangu.

Muuzaji hazipokei tena. Bosi kasema nijue mwenyewe pa kuzipeleka, na kabla ya hapo nisikanyage ofisini.

Jumanne, 12 Machi
Nimepata pa kuzipeleka. Uani kwetu! Nimemwambia mama mkwe ni zawadi yake, aunyooshe mguu kwenye kijani. Machozi yakamlengalenga. Nimetandika kila mahali, chini ya kamba za nguo, mpaka kizingitini. Mke wangu kauliza mfereji wa kutolea maji ya mvua uko wapi. Nimemwambia upo.

Jumatano, 13 Machi
Mvua. Mfereji upo, chini ya nyasi. Maji yameingia jikoni, yameingia sebuleni, mama mkwe kapandishwa juu ya meza na mguu wake. Ndala zake zimeelea mpaka barabarani. Nimeng'oa nyasi kwa mikono huku mke wangu akichota maji kwa ndoo bila kunitazama. Aliyekuja kunisaidia kubeba ni shemeji. Alikuwa ameshaongea na shule ya chekechea ya jirani, nao wamezichukua zote. Nilitaka kumshukuru, matope yakaniingia mdomoni.

Alhamisi, 14 Machi
Kazi kapewa shemeji. Mimi niko chini yake. Kanionyesha: mstari wa nyasi ulikuwa na upenyo kwenye kona, hata ukucha haupiti. Akaufunga, namba ikatokea. Basi! Nimeelewa kabisa. Nimemwahidi, mkono kifuani, kwamba nikikwama tena nitauliza.

Ijumaa, 15 Machi
Shemeji na bosi wako hospitali. Mimi na ripoti. Maua: sifuri. Ningempigia simu, lakini mtu yuko kazini, kwa nini nimsumbue? Nimeandika kwa mkono. Ila safari hii nimekuwa mwangalifu. Nimelifunga jedwali zima kwa neno la siri, asije mtu akaanza kubonyezabonyeza. Neno gumu kwelikweli. Kisha nikawatumia.

Shemeji kapiga simu sasa hivi. Wako mbele ya daktari mkuu, jedwali halifunguki, analiomba hilo neno.

Herufi ya kwanza naikumbuka.